Mabaki Hupatikana Bure, Saa za Kazi Hazipatikani Bure

Wanawake wanaonijia kutaka ushauri kuhusu biashara ya mitindo endelevu, yaani kushona kwa vitambaa vilivyobaki au vilivyokwisha kutumika, huanza, karibu wote, kwa kuuliza wanunue cherehani gani. Mimi huwaomba kwanza wapite kwa mafundi watatu au wanne wa mtaani kwao, jioni kabla hawajafagia, wakaangalie kilichobaki sakafuni. Kitenge cha yadi 6 kikishatoa gauni na kilemba hubakiza pembe za mikono, vipande vya shingo na ukanda wa pindo, na vingi vya hivyo huchomwa pamoja na taka ingawa ni kitambaa kipya ambacho mteja ameshakilipia. Biashara yangu ya mifuko na nguo za watoto hapa Buguruni ilianza na kiroba kimoja cha mabaki ya namna hiyo.

Kazi kubwa ni kuchambua. Mwanzoni nilishona chochote kilichonijia mkononi, na mfuko ukishafuliwa mara moja tu unapinda upande mmoja, kwa sababu nilikuwa nimeunganisha pamba na poliesta, na pamba ambayo haijawahi kufuliwa husinyaa ikipata maji ilhali poliesta hubaki vilevile. Tangu hapo huchomoa nyuzi chache na kuziunguza kwa kiberiti, mbali na rundo: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga. Pamba hufuliwa na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, na ndiyo pekee ninayoshonea nguo za watoto wachanga, kwa kuwa hufyonza jasho. Poliesta huwa bitana. Kisha nazigawa kwa rangi, maana mwenye duka akiagiza mifuko 20 hataki kila mmoja uwe na sura yake, na njia niliyoipata ni kuweka mikanda na kitako cha jinzi katika kila mfuko ili yote ionekane imetoka kwa fundi mmoja.

Jinzi hizo nazitoa katika mitumba ya soko la Karume, zile zilizochanika magotini ambazo hazipati mnunuzi. Chini ya goti kitambaa huwa bado kigumu. Hata hivyo sishauri mtu aegemeze biashara nzima kwenye mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua. Rwanda ilishikilia ushuru wake mkubwa kwa mitumba, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia, kwa upande wa nguo, nafuu ya AGOA, yaani mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Malighafi inayotegemea maamuzi ya mbali kiasi hicho inaweza kupanda bei au kutoweka bila wewe kuulizwa.

Soko la mifuko lipo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, lakini mingi ya ile inayoitwa mifuko mbadala, inayofanana na kitambaa, imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo nayo ni plastiki. Mteja akielezwa hivyo kwa upole, huku ameshika mfuko wa pamba unaofulika, mara nyingi huelewa kwa nini bei zinatofautiana.

Bei ndiyo iliyokaribia kuniangusha. Mfuko wangu wa kwanza niliuuza shilingi 6,000. Zipu ilikuwa 500, bitana 1,500, uzi na umeme 300, nami nikaridhika na 3,700 iliyobaki, nikijiambia kwamba kitambaa ni cha bure. Siku nilipoandika muda wote, yaani kuzunguka kwa mafundi, kuchambua, kufua, kupiga pasi, kukata na kushona, nilikuta mfuko mmoja umekula saa tatu na nusu. Sasa nakata mifuko 10 kwa pamoja, kila mmoja hauzidi saa mbili, na bei ni 12,000. Wapo wateja walioondoka, na niliumia, lakini kwa bei ya zamani nisingeweza kumlipa msichana anayenisaidia. Pia nimeacha kuuza kwa mali kauli, yaani kumwachia mwenye duka bidhaa anilipe akishaziuza. Duka moja la zawadi lilikaa na mifuko yangu miezi minne bila kunilipa, nami kwa mtaji mdogo niliokuwa nao nilikosa hata fedha ya zipu.

Kwa wanaohitaji mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, ila ni lazima muwe kikundi kilichosajiliwa.

Siku hizi kazi ninayoipenda zaidi ni ya kanga zilizochakaa. Tangu zamani kanga ikishachoka kuvaliwa huwa mbeleko, kisha nepi, kisha kitambaa cha jikoni; wateja wangu huniletea kabla haijafika huko, nami huwashonea shuka za watoto au foronya, nikikata kwa uangalifu ili jina la kanga libaki zima katikati. Kitambaa ni chao wenyewe, kwa hiyo tunapokubaliana bei tunahesabu saa za kushona tu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba ni nyingi.