Siku moja maishani mwangu: nikaha iliyokosa sauti kwenye simu

Saa 12 na nusu asubuhi. Chai bado haijachemka, simu inalia. Ni mama wa bi harusi niliyempigia video ya harusi yake, kutoka Wete, Pemba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Video nimeipata, lakini nikaha haina sauti. Namuona baba yake anafumbua mdomo tu."

Nimeduwaa. Usiku nimeisikiliza yote kwa hedifoni na sauti ilikuwepo, tena imejaa. Linaniuma kwa sababu nikaha ilifungwa msikitini, wanaume tu. Maneno aliyoozewa mwanawe, mama atayasikia kwenye video hii, hana pengine.

Saa 2. Nafungua ofisi, Mlandege, mjini Unguja. Kuna kazi ya mteja mwengine inayotoka leo: mahojiano ya mkulima wa karafuu, na sauti yake iko sikio la kushoto peke yake. Hili nakutana nalo kila mara. Kipaza sauti cha kifuani kinatoa sauti moja, kamera imeiandika chaneli ya kushoto, ya kulia imebaki tupu. Kwenye Premiere Pro, programu ya kuhariri video, nafungua mpangilio wa chaneli za klipu, naigeuza kutoka sterio (chaneli mbili, kushoto na kulia) kuwa mono (chaneli moja), sauti inakaa katikati. Ufanye hivyo kabla hujaipanga klipu kwenye kazi. Ukishaipanga, ile iliyopangwa haifuati mabadiliko.

Saa 4. Sasa nikaha. Naicheza kwenye simu yangu yenye spika moja: feni za msikiti zinavuma, mtu anakohoa, lakini mzee hasikiki. Nachomeka hedifoni, mzee huyu hapa, ila sauti imetanuka ajabu, kama inatoka nje ya kichwa. Nafungua kipimo kinacholinganisha chaneli mbili. Zikienda pamoja kinasoma +1, zikipingana -1. Kimeganda karibu na -1.

Hapo nikaikumbuka ile waya. Siku ile nilichukua sauti kutoka kwenye miksa ya msikiti, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, tundu la pini tatu, nikaipeleka kwenye tundu dogo la kamera. Miksa hutoa sauti ile ile mara mbili: pini moja inaipeleka kama ilivyo, nyengine inaipeleka imepinduliwa, na ya tatu ni ya ardhi. Kifaa kinachoijua lugha hiyo huipindua tena ile ya pili na kuondoa mikwaruzo iliyookotwa njiani. Kamera yangu haikujua. Ya kwanza ikaiita kushoto, ya pili ikaiita kulia. Kwa hedifoni kila sikio linapata yake. Simu ya spika moja inazijumlisha, wimbi linapopanda hapa linashuka kule, na maneno yanafutika. Feni zilibaki kwa sababu ziliingia kwa kipaza sauti cha kamera yangu ya pili, ambayo sauti yake niliiweka chini chini.

Sala ya adhuhuri, wali na mchuzi wa pweza, narudi.

Saa 8. Natupa chaneli ya kulia ya nikaha, naijaza kwa ya kushoto. Kipimo kinapanda hadi +1. Kazi ya dakika 2, baada ya asubuhi nzima ya kutafuta.

Sehemu ya taarabu ukumbini siigusi. Najua wenzangu wanaogeuza video nzima kuwa mono ili walale salama, nami sikubaliani nao. Pale nilitega vipaza sauti viwili, fidla ziko kushoto, ganuni kulia, na nafasi iliyo baina yao ndiyo raha yenyewe. Nimeijaribu kwenye spika moja, hakuna kilichopotea.

Saa 10 na nusu naituma. Naiviringisha ile waya, naifunga utepe mwekundu, naandika: "Si ya miksa."

Saa 1 na nusu usiku. Mama anapiga.

"Subiri mwanangu, usikate."

Kimya. Halafu, kwa mbali, kupitia simu yake, namsikia mzee anaozesha na kijana anajibu kuwa amekubali. Nyumba nzima ya Wete imenyamaza.

"Irudishe nyuma," anamwambia mtu. "Irudishe tena, alipoanza baba yako."