Kilichobonyea ni Nini Hasa?

Ofisi yetu kazi yake ni kutoa mizigo bandarini Kilindini, na barua zote za nje huandikwa kwa Kiingereza. Mwaka wangu wa kwanza niliachiwa barua ya bima. Foklifti ilikuwa imegonga kontena la mteja, nami nikaandika: "The forklift hit the container and it was dented." Nikaituma, nikashuka zangu kunywa kahawa chungu. Kesho yake mkaguzi wa bima akanijibu kwa mstari mmoja: kilichobonyea ni kontena au ni foklifti?

Nilikasirika. Mbona iko wazi? Kumbe ilikuwa wazi kwangu tu, kwa sababu moyoni nilikuwa nimeshaisema kwa Kiswahili: foklifti iligonga kontena, likabonyea. Ile "li" imemaliza kesi. Ingekuwa foklifti, ningesema ikabonyea. Kiingereza hakina "li" wala "u". Meli, kontena, mzigo, lakiri, vyote hujazana ndani ya "it" moja kama feri ya Likoni saa kumi na moja jioni.

Tangu siku hiyo, kabla ya kutuma barua nakamata kila "it", "this" na "they" na kuuliza: huyu ni nani? Wakitokea wawili wanaoweza kuitika, naandika jina lenyewe upya: "and the container was dented." Shuleni tulikatwa maksi kwa kurudia neno. Kwenye bima, rudia tu. Wala Kiswahili hakiokoi kila mara: lori likigonga kontena likabonyea, tumerudi palepale.

"One" nayo ilinitesa. Kulikuwa na mchele ulioingia maji, nikaandika kuwa ni mzito kuliko "the one from Karachi". Bosi wetu, mama mwenye kalamu nyekundu isiyokauka, akaizungushia duara. "Mwanangu, mchele wahesabu mmoja, wawili?" Nikafyata ulimi. "One" hukaa badala ya kinachohesabika: gunia, kontena, lori. Mchele, sukari na saruji havihesabiki, kwa hiyo ni "that from Karachi", au useme "the Karachi rice" yaishe. Mimi nilikuwa nimebeba "ule wa Karachi" mzimamzima, na "ule" wetu hauchagui.

Lakini aibu yenyewe ilikuwa "his". Niliandika mwenye mzigo alete "his documents", akaja dada mmoja na barua mkononi. "Huyu 'his' ni nani, kaka? Mzigo ni wangu." Siku hizi naandika "their". Mzee wetu wa hesabu hakubali, eti "they" ni wengi. Nikamwambia Waingereza wameitumia kwa mtu mmoja tangu karne ya 14, kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Akacheka, akaendelea kuita meli "she", ilhali hata Lloyd's List, gazeti la London la mambo ya meli, liliiacha mwaka 2002. Mimi nataja jina la meli, basi.

Juzi nilimpelekea bosi barua ambayo kila "it" ina mwenyewe. Aliisoma mara mbili bila kuigusa, kisha akaongeza chini kwa wino mwekundu: "Kindly acknowledge receipt of the same." Sikumuuliza "same" ipi.