Kipindi cha mbinu ndicho kinachonivuta
Katika uzamili wangu wa uchumi wa kisiasa wa kimataifa, kipindi ninachokipenda kuliko vyote ni cha mbinu za utafiti. Najua, wenzangu husinzia humo.

Chukua IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa linalokopesha nchi. Maamuzi yake mazito yanahitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake ina zaidi ya asilimia 16. Ikikataa, hayapiti. Hilo liko wazi kwenye jedwali la kura. Kazi ni kuonyesha kama uzito huo unagusa pia masharti ya mikopo, maana bodi mara nyingi huafikiana bila kupiga kura rasmi. Takwimu zitakuonyesha nani alipata masharti mepesi. Nani alimshawishi nani, hazisemi. Hapo unahitaji mahojiano, au nyaraka za vikao usome ukurasa kwa ukurasa.

Mimi nimechagua nyaraka. Maofisa wastaafu huongea vizuri sana, ila kila mmoja hukumbuka kwamba yeye ndiye aliyepinga!

Nadharia nazo nazisoma, uliberali, utegemezi na ndugu zao. Mtihani wake ni mwezi ujao.