Siku moja na malori ya mafunzo, Texas

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Uwanja wa mazoezi nje kidogo ya Dallas bado giza, koni zimelowa umande. Kichwa kimoja cha lori, trela ya futi 53, wanafunzi wanne. Napima oili, napima kashata za tairi: za mbele zisipungue inchi 4/32, za nyuma na za trela 2/32 zinatosha. Chai iko kwenye chupa.

Ukimwambia mtu unafundisha watu leseni ya malori makubwa, CDL, anadhani kazi ni kukaa kiti cha pembeni na kushika roho mkononi. Hilo lipo. Ila wengi wanaofeli wanafeli gari likiwa limesimama, na wengi wanaonyang'anywa leseni baadaye wananyang'anywa kwa ajili ya karatasi.

Saa kumi na mbili ni ya hizo karatasi. Funguo haitoki mfukoni kabla sijapitia bahasha ya kila mtu. Lena ya biashara, wenyewe wanaiita CLP, lazima itimize siku 14 ndipo ufanye mtihani wa vitendo. Masharti ya msingi yanatoka serikali kuu, Washington, leseni inatoka jimboni, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Texas haiwezi kupunguza hizo siku 14, ila imeongeza mtihani wake wa kanuni za jimbo juu ya ule wa jumla, wa breki za upepo na wa gari lenye trela. Wa miaka 18 anapewa leseni, lakini kuvuka jimbo ni mpaka afikishe 21. Kwa hiyo kijana anaruhusiwa kutoka El Paso mpaka Houston, maili zaidi ya 700, ila pale Texarkana hana ruhusa ya kuvuka barabara aingie upande wa Arkansas. Usiniulize kwa nini.

Cheti cha daktari nakisoma tarehe kwanza. Presha ikiwa chini ya 140/90 unapewa miaka 2. Ikipanda kidogo, mwaka mmoja. Mmoja wa leo kapewa mwaka mmoja, na alikiri alikunywa kahawa mbili akiwa foleni kwa daktari. Mkojo wa pale ni wa kuangalia sukari, protini na damu. Wa dawa za kulevya ni kipimo kingine kabisa.

Saa moja asubuhi, ukaguzi wa gari. Saa hii ndiyo inayonimaliza.

Mwanafunzi wa tatu ni dereva mzoefu, Mtanzania, miaka kumi na miwili njia ya Dar mpaka Tunduma na kuendelea Zambia. Mikono yake sina la kuifundisha. Anazunguka gari, anainama, anagusa, anasema "iko sawa". Namwambia, kaka, "iko sawa" haina alama. Mkaguzi hasikii mawazo yako. Taja kifaa, kiguse au kioneshe, sema unatafuta ubovu gani. Sahani ya trela: hakuna mwanya kati ya sahani na trela, taya zimefunga shingo ya kingpini, ile pini ya chini ya trela, mkono wa kufungulia umeingia ndani. Nati za ringi: hakuna iliyolegea, hakuna mchirizi wa kutu. Slaki ajasta, mkono wa kurekebisha breki: ukiivuta kwa mkono, breki zikiwa zimeachiwa, isicheze zaidi ya inchi moja. Yote hayo kwa Kiingereza. Mkalimani haruhusiwi kwenye mtihani wa vitendo.

"Mwalimu, nimeshuka mlima Kitonga na mzigo wa shaba. Leo unanifundisha breki?"

Kitonga hakuna mtu aliyesimama na karatasi ya alama.

Tunaingia kwenye breki za upepo, ambapo ukikosea hatua moja umefeli ukaguzi wote, hata kama mengine uliyasema kama kasuku. Weka kabari. Washa injini, upepo upande mpaka kampresa ijikate, kati ya pauni 120 na 140 kwa inchi ya mraba. Zima injini. Rudisha ufunguo kwenye umeme bila kuwasha. Sukuma vitufe viwili ndani, cha njano cha kichwa na chekundu cha trela, subiri sindano itulie. Kanyaga breki mpaka mwisho, shikilia dakika nzima: gari lenye trela lisipoteze zaidi ya pauni 4. Halafu pampu kwa mguu. Taa na kengele viamke kabla ya kushuka chini ya 55. Endelea kupampu, vitufe vyote viwili viruke nje vyenyewe kati ya 45 na 20.

Anapampu. Tisini, sabini, hamsini, kimya. Anasema gari ni bovu. Anapampu tena, anagonga dashibodi, anataka tuite fundi. Ufunguo haujarudishwa kwenye umeme. Kengele italia kwa umeme gani? Tunajaza upepo upya. Mara ya pili anasahau kabari. Mara ya tatu hasubiri sindano itulie, anasoma kushuka kwa pauni 6 ambako si kuvuja, ni upepo unaojaza trela. Wenzake watatu wamekaa chini ya kivuli cha trela na simu zao. Hii peke yake imekula saa moja na robo.

Saa nne mpaka saa saba ni kurudi nyuma. Moja kwa moja, kuhamia njia ya pembeni, kisha kuingiza trela kwa pembe. Kushuka kutazama kunaruhusiwa mara mbili, kwenye moja kwa moja mara moja tu, na mwenye kuruka chini badala ya kushika ngazi anafeli hapo hapo. Lami inachemka. Kosa ni lile lile: anachelewa kunyoosha usukani, kichwa na trela vinakunjana kama kisu cha mfukoni.

Mchana, kituo cha mtihani. Taa moja ya ubavuni mwa trela haiwaki, na gari la hivyo halifanyiwi mtihani. Pini za plagi zimeshika kutu; msasa na dakika arobaini za jua. Kijana anafaulu, ila gari alilofanyia ni la otomatiki, kwa hiyo leseni itaandikwa E: gia za mkono haruhusiwi.

Baada ya hapo saa sizihesabu tena, ni simu. Waliofaulu zamani. Mmoja leseni imeshushwa kuwa ya kawaida: cheti cha daktari kiliisha, jimbo likasubiri siku zake, barua ikaenda anwani ya zamani. Ukihama una siku 30 za kubadilisha. Mwingine kakamatwa na simu mkononi mara ya pili ndani ya miaka 3, siku 60 nyumbani. Wa tatu anauliza kama bangi ya Colorado ina neno kwa kuwa huko ni halali. Ina neno. Kipimo kikikuta bangi na kuingia kwenye daftari la serikali kuu, tangu tarehe 18 Novemba 2024 jimbo linalazimika kukuondolea CDL mpaka umalize mlolongo wa kurudi kazini. Na Mkongo mmoja yuko kando ya barabara, askari kamwuliza maana ya alama za njiani. Tangu Juni 2025 ukishindwa kujibu kwa Kiingereza gari linasimamishwa pale pale.

Jua limezama. Nafungua matangi ya upepo, maji na mafuta yanatoka kwa mluzi. Dereva wa Tunduma kaomba dakika tano zaidi. Yuko juu peke yake, kabari kaweka, anahesabu sekunde kwa sauti, kwa Kiingereza. Sindano imetulia. Anaanza kupampu, sabini, sitini, hamsini.

Kimya. Ufunguo kausahau tena.