Siku moja na udongo wa migunga, Longido

Saa 12 asubuhi tunatoka Arusha kwa barabara ya Namanga. Tukishapita Oldonyo Sambu kijani cha Mlima Meru kinakwisha, nyika inaanza.

Saa 2 nimeshaanza kuchimba. Napima potasiamu ya udongo, kirutubisho cha mimea, ili nijue hali ya misitu hii mikavu. Potasiamu ndiyo inayousaidia mti kufungua na kufunga matundu madogo ya majani. Mti ukiikosa wakati wa kiangazi, hupoteza maji ovyo. Mizizi ya mgunga huivuta kutoka chini, kisha majani yakidondoka na mvua ikiyaosha, inarudi juu. Kwa hiyo kila mti nachukua sampuli mbili, kivulini na mahali peupe, sentimita 20 za juu. Namba moja peke yake hainitoshi. Udongo wa volkano huku mara nyingi una potasiamu nyingi kwa asili, na miti inaweza kuwa inakufa juu yake. Ninachotafuta ni kivuli kinapazidi peupe kwa kiasi gani.

Saa 4 anapita mzee na mbuzi wake.

"Mwanangu, hapo usichimbe. Palikuwa boma la baba yangu."

"Asante sana, mzee. Na kule kwenye nyasi ndefu?"

"Kule walichoma mkaa."

Maelezo hayo nayathamini kuliko kifaa chochote. Samadi ya boma huacha potasiamu kwa miaka mingi, na majivu ya tanuri hupandisha kipimo palepale migunga ilipokatwa. Asiyeuliza wenyeji ataandika kwamba palipoharibiwa ndipo penye afya.

Saa 9 alasiri niko maabara. Udongo wa leo nautandaza ukauke. Ule uliokwisha kukauka naupitisha kwenye chekeche la milimita 2, nautikisa na amonium asetati, kemikali ya maji inayoitoa potasiamu kwenye udongo, nachuja, kisha nasoma kwenye fotometa ya mwali, kifaa kinachopima potasiamu kwa mwanga inaoutoa ikiungua motoni. Sampuli nyingi zinanipa moyo: potasiamu kivulini iko juu, peupe iko chini. Ila zile za kando ya korongo zinalingana, maana maji yameshabeba udongo wa juu pamoja na majani yake.

Saa 11 jioni nampigia mwenyekiti wa kijiji. Namwomba aitishe kikao na wazee kabla ya masika, mifugo ipitishwe njia nyingine na matawi ya miiba yawekwe kukinga korongo.