Unga wa msasa na saratani ya pua

Kwenye karakana za seremala mjini Tanga, anayepiga msasa utamtambua kwa kope: zimejaa unga. Akiwa kwenye msaji wa Longuza, mninga au mvule, unga huo ni wa mti mgumu, ambao ndio unaohusishwa zaidi na saratani ya ndani ya pua. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, mwaka 1995.

Maranda hayana neno, ni mazito na huanguka chini. Unga laini ndio hatari, na mwingi wake jicho haliuoni. Usiku zima taa, washa tochi kali nyuma ya meza ya msasa ikikuelekea, balbu yake ikingwe na kibao. Utaona unga ukielea kama moshi pale ulipodhani pako safi.

Kompresa ya kujipulizia nguo jioni ni kosa kubwa kuliko yote. Inarudisha hewani vumbi lote la siku, likaelea kwa saa kadhaa. Nyunyiza maji ndipo ufagie. Bomba la kufyonza likae karibu kabisa na kazi: ukilisogeza mbali kwa kipimo cha upana wa mdomo wake, nguvu hubaki kama asilimia 10.

Upepo nao una hila. Ukikupiga mgongoni huzunguka mbele ya kifua na kukuletea vumbi usoni. Simama ukupige ubavuni. Kusi ikipisha kaskazi, geuza meza. (Na umtazame mama lishe aliye upande vumbi linakokwenda.) Barakoa iwe ya N95. Ya kitambaa ni pambo tu, na juu ya ndevu hata N95 haibani.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya 2003, inamtaka mwajiri asajili karakana OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara wakiwa kazini. Udhaifu uko kwenye kipimo chenyewe. Fundi anapuliza mashine ya mapafu, anapimwa masikio, anaondoka. Puani hakuna aliyechungulia. Mwambie daktari unapiga msasa, umuulize kuhusu pua kuziba upande mmoja, kamasi zenye damu na kupotea kwa harufu.

Ugonjwa huu huchukua miaka 20, hata 40, kujitokeza. Ndiyo maana Mkataba namba 139 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1974, unataka vipimo viendelee hata baada ya mtu kuacha kazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya 2008, inagusa magonjwa yatokanayo na kazi, lakini karakana uliyofanyia kazi ujanani huenda imeshageuka duka la simu. Nunua daftari la kurasa 96. Kila mwaka andika karakana, jina la mwajiri, aina za mbao, mashine na saa za msasa kwa siku, kisha bandika humo nakala ya kila cheti cha upimaji. Liweke nyumbani. Kabati la ofisini huhama na mwenye ofisi.