Umeipata, Lakini Umeipataje?

Juzi binti wa kaka yangu alinitumia ujumbe wa sauti. "Shangazi, shikamoo. Nimeshajiandikisha LSAT. Sasa nisome nini?" Bado sijamjibu. Swali ni zuri, ila jibu lake la kweli linakatisha tamaa: mtihani huo wa kuingia shule za sheria Marekani hauulizi sheria hata kidogo. Hakuna kifungu cha kukariri wala kesi ya kukumbuka. Unapewa hoja fupi, unaulizwa imesimama juu ya nini. Aliyezoea kufaulu kwa kukesha na madaftari anakosa pa kushika.

Mimi nilionyeshwa pa kushika jioni moja ya Februari 2016, maktaba ya umma, meza ya karibu na dirisha.

Nilikuwa nasoma na mwenzangu niliyemwita Dada, aliyekuwa anakuja moja kwa moja kutoka kazini hospitali, sare bado mwilini. Tulikuwa tumemaliza sehemu moja ya hoja kwa muda kamili, dakika 35, kama ilivyo siku yenyewe. Nikavuta karatasi ya majibu nianze kusahihisha. Akaiwekea mkono juu.

"Bado, mdogo wangu."

Alitaka kwanza niweke alama pembeni ya kila swali nililolijibu bila uhakika, halafu niyarudie hayo bila saa, kabla sijaona jibu lolote. Nilipomaliza, akachagua moja. Swali lenyewe sitalinakili, ila umbo lake lilikuwa hivi: mji fulani uliweka kamera kwenye barabara zake kuu, mwaka uliofuata ajali zikapungua, kwa hiyo kamera ndizo zilizopunguza ajali. Hoja hii inategemea dhana ipi? Kati ya majibu matano, matatu niliyatoa upesi. Yakabaki mawili. B: hakuna njia nyingine ya kupunguza ajali zaidi ya kamera. D: kupungua kwa ajali hakukutokana tu na magari kuwa machache mwaka huo.

Nilikuwa nimechagua D.

"Umeipata," akasema. "Lakini umeipataje?"

Nikamwambia B haikunikaa sawa.

"Hiyo si sababu. Siku ya mtihani utakuwa umechoka, na ukichoka kila kitu kinakukaa sawa."

Akafunika majibu yote kwa kadi yake ya maktaba, akabakiza hoja peke yake. Akaanza kuniuliza kwa sauti ya chini, taratibu. Hitimisho ni lipi? Kamera zimepunguza ajali. Ushahidi? Kamera zilitangulia, ajali zikapungua baadaye. Kati ya ushahidi na hitimisho pana nini? Hapo nikakwama. Nilisoma ile hoja tena, na tena, nikiwa na hakika kwamba jibu lipo chini ya ile kadi, na Dada hasogezi kidole. Hakunisaidia hata kwa neno moja. Mwishowe nikasema, "Huenda kuna kitu kingine ndicho kilichozipunguza."

Hapo ndipo akaondoa kadi. "Haya, ikanushe D."

Tuseme ajali zilipungua kwa sababu tu magari yalikuwa machache. Basi hoja imeanguka yote.

"Ikanushe B."

Tuseme njia nyingine zipo: matuta, taa, askari wa barabarani. Hoja ya kamera iko palepale, haijaguswa. B inazungumzia kinachoweza kupunguza ajali. Hoja inazungumzia kilichozipunguza mwaka ule. Nilisikia mwili mzima umechangamka. Nikamwomba tufanye lingine, na lingine, mpaka maktaba ikaanza kuzima taa.

Sijui kama niliwahi kumshukuru ipasavyo. Wengi wetu hujiandaa kwa kufanya mtihani mzima, kutazama alama, kisha kufungua mwingine, na mitihani halisi iliyopita inaisha hivyo bila kutufundisha kitu. Maswali ya hatari kuliko yote ni yale uliyoyapata kwa kubahatisha, maana ukisahihisha haraka unayahesabu kuwa ni yako. Tulianza daftari la sababu: kwa kila swali lenye utata, sentensi moja kueleza kwa nini jibu hili ni sahihi, na moja kwa kila bovu lililotuvuta. Saa tuliirudisha baadaye, tulipokwisha kuweza kujibu kwa uhakika bila saa.

Juni ikafika. Jumatatu mchana, simu marufuku, saa ya mishale mkononi, vitu vyetu ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, msimamizi akitangaza kwamba zimebaki dakika tano. Nilijaza kila duara, kwa kuwa jibu baya halipunguzi alama. Barua pepe ya matokeo ilipokuja, katika kipimo kile cha 120 hadi 180, yangu ilinitosha.

Ya Dada ilikuwa chini ya yangu. Mwalimu wangu! Nimeifikiria sana hiyo. Njia ilikuwa yake, ufahamu ulikuwa wake, ila jioni zangu zilikuwa huru na zake zilikuwa zamu. Mara ngapi nilimwona akisoma huku amejishika shavu ili asisinzie. Alirudia baadaye akapata alichokuwa anakitaka, lakini mtihani wa kwanza ulimpima na uchovu wake ndani.

Binti anakuta mtihani uliobadilika. Ile sehemu ya mafumbo ya kupanga watu kwenye viti, niliyoipenda, iliondolewa Agosti 2024. Sasa zinazohesabiwa ni sehemu mbili za hoja na moja ya ufahamu, tena kwenye kompyuta, pamoja na nyingine moja isiyohesabiwa ambayo mtahiniwa hawezi kuitambua. Mitihani kadhaa ya mazoezi anaipata bure LawHub, tovuti ya wenye mtihani wenyewe. Hoja zimekuwa na uzito kuliko zamani zetu, kwa hiyo ile jioni ya kamera ina maana zaidi kwake.

Ila yeye yuko kazini mpaka usiku, ana mtoto mdogo, na tarehe aliyojiandikisha iko karibu mno kwa mtu wa kusoma polepole. Nikimwambia asogeze tarehe, huenda akapitwa na muda wa kutuma maombi mwaka huu. Nikimwambia aende hivyo hivyo, namrudisha kwenye mbio zilezile za kufungua mtihani juu ya mtihani. Kesho nitampigia, nianze kwa kumuuliza ni jioni zipi katika wiki anaweza kukaa saa moja bila kuitwa na mtu, na mtoto nani atamshika.